Kitana Kipya

Mwaka huu jiko letu halikaangi.
Ndiyo ada yetu hapa Mangaluru: nyumba yenye msiba
haiumbi vitamu, haitundiki nyota ya karatasi barazani.
Baba ameifunga karai kubwa kwa gazeti
kama mtu anayefunga jeraha.

Mama alikuwa na sheria zake.
Tui la kwanza ni la kulkul, la pili ni la wali.
Iliki itwangwe pamoja na sukari, ikiwa peke yake itaruka.
Chapa ya maua ilale usiku kucha ndani ya mafuta,
la sivyo ua la kwanza litang'ang'ania chuma.
Na kila mwaka liling'ang'ania.
Alilibandua kwa kisu, akalila hapohapo, wima,
akisema hilo ni la mpishi.

Na kitana lazima kiwe kipya.
Cha plastiki, meno mapana, kutoka Hampankatta,
kisichowahi kugusa kichwa cha mtu.
Unaweka kidonge cha unga juu ya meno yake,
unakisukuma kwa kidole gumba, kinajikunja,
kinageuka simbi yenye mistari.
Tulihesabu: mia tatu, mia tatu na moja.
Severin alikula unga mbichi
akaumwa tumbo mpaka misa ya usiku.

Baadaye neuryo, nusu mwezi zenye tumbo la nazi,
ufuta, zabibu kavu, korosho mbili mbili,
si tatu, hatukuwa matajiri.
Kisha sinia, kitambaa cha kufuma, na njia:
kwa Vanaja, kwa mwalimu Sequeira, kwa fundi wa baiskeli,
na mwisho, juu ya ukuta, kwa Zohara.

Kati yetu na Zohara kuna sahani moja,
ya ukingo wa buluu, yenye ufa.
Miaka ishirini na sita imevuka ukuta huo.
Idi inakuja kwetu na tambi za maziwa,
Krismasi inakwenda kwao na simbi zetu.
Haijawahi kurudi tupu.
Mama angeona heri aivunje.

Jana magharibi nikasikia sauti ukutani:
"Felsi! Njoo upokee, mwanangu. Usicheke."

Kulkul zake zilikaa kama masikio ya panya.
"Nimetumia uma," akasema. "Vitana vyangu vyote
vinanuka mafuta ya nywele."
Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha.
"Ukuta," akasema. "Miaka yote hii
nasikia mafuta yakilia, namsikia mama yako akiwagombeza.
Mtu atakosaje kujua?"

Baba alitafuna ya kwanza. Ikalia kama kokoto.
Akatafuna ya pili, polepole, akiangalia dari.
"Tui la pili," akasema.
"Zohara ametumia tui la pili."
Akacheka, mara ya kwanza tangu Septemba,
na kicheko kikaenda kilikokwenda,
nami nikaenda kuosha sahani.

Niliiosha. Nikaikausha. Nikaiosha tena.
Hatupiki, na sahani haiwezi kurudi tupu.
Nikafungua droo ya vijiko kutafuta sijui nini,
nikakikuta chini ya vizibo na nyuzi:
kitana cha kijani, kingali ndani ya karatasi yake,
rupia kumi na tano kwa kalamu ya muuzaji.
Alikinunua Agosti, kama kawaida,
kabla bei haijapanda.

Nikakiweka katikati ya sahani.
Nikazunguka kwa lango, sikupita ukutani.

Zohara alikitoa, akakigeuza kwenye mwanga wa taa,
akapitisha ukucha juu ya meno yake: trrr.
Sikusema kitu, naye hakusema pole;
pole alishazimaliza zote Septemba.

"Unga ninao bado," akasema,
akasogea kando ya mlango, nipite.